Neno la Siku si Ramli

Kijana mmoja wa makanisa mapya ya Mbeya aliniambia kwamba sisi Wamoraviani tunapiga ramli kwa Biblia, kwa kuwa neno letu la siku hupatikana kwa kura. Wengine wakituona Pasaka alfajiri tukielekea makaburini, husema tunaabudu mizimu. Maneno haya yananiuma, maana yanagusa mambo mawili yaliyotulea.

Kura inapigwa kweli. Huko Herrnhut, Ujerumani, kila siku ya mwaka hupigiwa kura mstari wake wa Agano la Kale, kisha hutafutwa wa Agano Jipya unaoendana nao. Desturi hii ilianza mwaka 1728, enzi za Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani wa huko, neno likipelekwa nyumba kwa nyumba kwa mdomo. Kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na leo neno hilo tunalisoma kwa Kiswahili. Kura hiyo hupigwa miaka kadhaa kabla. Aliyeuchomoa mstari wa leo hakujua nani angefiwa leo, wala nani angekuwa na kesi mahakamani. Mpiga ramli humuuliza mteja shida yake, kisha humpa jibu analolitamani. Neno la siku halimuulizi mtu, wala halilipiwi.

Nyumbani kwa bibi yangu, jembe halikutoka kabla ya neno. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo mjukuu yeyote aliyekuwa darasani alisoma, tena kwa sauti, na akikosea alirudishwa. Ubeti mmoja wa wimbo, kisha maombi kwa Kinyakyusa: migomba, ng'ombe aliyekaribia kuzaa, mtoto aliyeko Dar es Salaam, na jirani ambaye bibi alikuwa haelewani naye. Huyo alitajwa kwa jina, nasi sote tukisikia, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kupita mlangoni kwake bila kumwamkia. Neno likiwa la onyo halikurukwa. Likiwa la shangwe na kuna maiti ndani, lilisomwa vilevile, na wafiwa wakaitikia amina kwa machozi. Hakuna aliyefungua kitabu ili aambiwe apande basi au asipande. Mgonjwa alipelekwa hospitali, ada ilitafutwa, chai ilichumwa. Kumtumaini Mungu kulikuwa kwenda shambani mkiwa mmekwisha kusikia neno moja, mkubwa na mdogo, ambalo hakuna kati yenu aliyelichagua.

Hilo ndilo linalopotea. Siku hizi kila mtu ana mstari wake kwenye simu, na usipompendeza anautelezesha kwa kidole hadi aupate wa kumbariki. Wengine wanasafiri mbali kutafuta nabii awape neno lao binafsi, pamoja na mafuta na maji ya upako kwa bei. Sikatai kwamba Mungu anaweza kusema na mtu mmoja. Lakini mtu anayesikia peke yake kila siku, nani atamrudisha akisoma vibaya?

 

Pasaka nayo inahitaji utetezi. Ibada ya alfajiri makaburini ilianza Herrnhut mwaka 1732, na hakuna marehemu anayeombwa kitu pale. Tarumbeta hulia kungali giza, tunasimama kati ya wazazi wetu na watoto wetu waliolala, tunakiri ufufuo jua likichomoza. Mama aliyezika mwaka huo hushikwa mkono na wenzake. Anayetuambia tumaini ni jambo la moyoni tu hajawahi kusimama na mama huyo kwenye baridi ya Rungwe. Kwa hiyo wazee wa kanisa wanaofikiria kuihamishia ibada hii ukumbini, saa tatu, kwa sababu vijana hawaamki, nawaomba waache. Wapite nyumba kwa nyumba kuwaamsha, kama sisi tulivyoamshwa.