Je, Wajua? Kwa Nini Bampa Jeusi Hupauka Ukambani

Kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, magari yaliyokuja yakiwa na mabampa meusi tii huishia kuwa na rangi ya jivu. Wengi hulaumu vumbi la barabarani. Je, wajua kwamba…

• Mabampa na madigadi mengi meusi yasiyopakwa rangi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini? Mwitaliano Giulio Natta aliitengeneza ikiwa ngumu na imara mwaka 1954. Mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia.

• Zamani bampa lilikuwa chuma? Renault 5, iliyotoka mwaka 1972, ni miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa kwa wingi yakiwa na mabampa ya plastiki.

• Katika Kitui na Makueni jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba? Isitoshe, tabaka la ozoni ni jembamba zaidi katika ukanda wa tropiki, na mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10.

• Miale hiyo ndiyo mkosaji mkuu? Hukatakata minyororo ya plastiki, ngozi ya juu ikapasuka nyufa ndogo mno ambazo jicho halizioni. Nyufa hizo hutawanya mwanga, nasi tunaona weupe.

• Weusi wenyewe ni kinga? Ni masizi laini yanayomeza miale kabla haijaingia ndani. Ndiyo maana mabomba ya maji ya plastiki na matangi mengi ya kuvunia maji ya mvua huku kwetu ni meusi. Masizi hayo huchelewesha madhara tu, hayayazuii milele.

• Maji ya kawaida yanaweza kukupimia bampa? Limwagie kidogo. Yakikusanyika kuwa matone, kinga bado ipo. Bampa likiwa jeusi kwa muda kisha likapauka tena linapokauka, ujue kinga imekwisha. Maji yalikuwa yamejaza nyufa tu.

• Mafuta ya kupikia, mafuta taa na oili chafu hufanya kazi hiyohiyo ya kujaza nyufa? Asubuhi gari linang’aa. Ukishapita barabara ya vumbi hadi sokoni, limevaa koti jekundu. Mafuta hushika vumbi, na mvua ya kwanza huyaosha.

• Mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroli huharibu raba za milango? Raba nyingi za aina hiyo hazistahimili mafuta ya petroli: huvimba na kulegea, kisha vumbi na maji hupata njia ya kuingia.

• Kuchoma bampa kwa bunduki ya hewa moto hurudisha weusi bila kuongeza kinga yoyote? Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za selsiasi, na kifaa hicho hupita nyuzi 400. Ukizubaa nacho mahali pamoja, bampa linajikunja.

• Madoa meupe kwenye plastiki yenye vinyweleo mara nyingi si kupauka? Ni nta ya kung’arishia bodi iliyokaukia humo. Jaribu ufutio wa penseli.

• Usafi ndio nusu ya kazi? Chukua brashi laini, sabuni ya maji na nusu ndoo ya maji. Sugua kivulini, suuza, kisha acha pakauke kabisa, hasa kwenye mikunjo. Dawa yoyote ikipakwa juu ya vumbi au unyevu hubanduka upesi.

• Dawa za silikoni hudumu majuma machache, ilhali zile za kauri zinazokauka na kuwa ngumu hudumu miezi mingi? Paka kidogo, subiri, kisha futa ziada. Usiipake silikoni karibu na kioo cha mbele: waipa zitaisambaza, na usiku kwenye barabara ya Mombasa taa za malori zitakupofusha.

• Rangi ya kupuliza haishiki kwenye polipropilini tupu? Plastiki hiyo hukataa gundi na rangi. Fundi anayejua kazi huikwaruza kwa msasa laini, huisafisha, kisha hupuliza praima ya plastiki kabla ya rangi nyeusi isiyong’aa. Muulize kuhusu praima kabla hujalipa.

• Sehemu zinazotazama juu, kama plastiki iliyo chini ya waipa na mgongo wa bampa, ndizo hupauka kwanza? Anzia hapo. Kivuli cha mwembe wa Makueni husaidia, ila msimu wa maembe uyafute mapema matone ya utomvu.

• Magari yaliyotumika huruhusiwa kuingia Kenya yakiwa na umri usiozidi miaka 8? Mengi hutoka Japani, ambako jua ni pole kuliko letu. Basi siku nzuri ya kupaka kinga ni juma lile gari linapofika, plastiki ikiwa bado nyeusi: kulinda weusi uliopo ni rahisi kuliko kuutafuta uliokwisha kuliwa na jua.