Mutoto anajifunza freni mbele ya kushuka

Wengi wetu tunajua theluji paka mu filme, hata kama iko kwetu kule juu ya Ruwenzori. Mimi niko Grenoble, Ufaransa, juu ya masomo, na huku shule zinapeleka watoto mulimani kujifunza skii. Desturi hiyo, wanaiita darasa la theluji, ilianza 1953: daktari Max Fourestier alipeleka watoto wa shule ya Vanves, karibu na Paris, mpaka La Féclaz. Asubuhi masomo, kisha mchana skii. Nimesindikiza watoto mara kadhaa, na kilichonishangaza ni hiki: hawaanzi na kushuka.

Kwanza mutoto anavaa kaske. Anatembea mahali pa tambarare, anafundishwa kuangukia ubavu na kujiinua mwenyewe. Kisha freni: ncha za mbele za skii zinakaribiana, za nyuma zinapanuka, magoti yanakunjwa kidogo. Skii zikikaa vile zinakwangua theluji na mwendo unapungua. Mutu wa Goma ataelewa haraka, juu ameshaona chukudu ikishuka na mizigo ya viazi, mwenyewe akikanyaga kile kipande cha mupira juu ya gurudumu la nyuma. Mwalimu anarudilia freni hiyo mpaka watoto wananuna. Halafu ndipo wanapanda ku njia ya rangi ya kijani, ile rahisi. Bulu, nyekundu na nyeusi zinangoja.

Kuna na vishikizo vinavyofunga kiatu ku skii. Vinapimwa kufuatana na uzito wa mutoto, urefu wa soli na ujuzi wake. Vikikazwa sana, akianguka skii haitoki, na ni goti ao mufupa wa muguu unaopindwa. Kwa hiyo kuvaa skii za kaka bila kupimisha tena ni hatari (na sisi tunavyopenda kuazimana!).

Snobodi iko tofauti. Miguu yote miwili imefungwa ku ubao mumoja, na haifunguki yenyewe. Mutoto akianguka anatanguliza viganja, ndiyo maana vifundo vya mikono vinavunjika sana. Wanamufundisha kukunja ngumi na kuvaa kinga za vifundo.

Halafu kuna sheria 10 za shirikisho la kimataifa la skii, FIS. Ile ninayoipenda: mutu wa mbele, yule wa chini, ndiye mwenye haki ya njia, anayetoka nyuma ndiye anapaswa kuchagua pa kupita bila kumugonga. Mutoto wa miaka sita anaielewa vizuri kuliko wakubwa wengi ninaowaona pale.

Saa ya mwisho, miguu ikichoka, watoto wote wanaomba kushuka mara moja tena. Mwalimu muzuri anakatala, anawavulisha viatu.