Madirisha ya alu: rangi yenye haipakwi

Mwaka jana nilijengesha chumba kimoja cha nyongeza nyumbani. Dirisha la alu la kahawia, ile yenye wauzaji wanaita bronzi, lilipachikwa kwanza. Kisha fundi akaja kupiga simenti ukutani, na simenti ikarukia dirisha. Akasema nisijali, tutapangusa kesho. Kesho yake tulipangusa kweli, ikatoka, lakini chini yake yakabaki madoa meupe. Nikanunua rangi ya kopo kuyaziba. Mvua mbili tatu, ikabanduka. Njo hapo nilianza kuuliza: ile rangi ya dirisha ni ya namna gani?

Jibu ni kwamba haiko rangi ya kupaka. Ni ngozi ya alu yenyewe, iliyokuzwa kiwandani na kunyweshwa rangi.

Kila kipande cha alu kikikutana na hewa kinajifunika mara moja kwa ngozi nyembamba sana, oksidi. Njo maana sufuria ya alu haishiki kutu kama panga. Lakini ile ngozi ya asili haitoshi pahali pagumu. Mwaka 1923, huko Uingereza, walipata njia ya kuinenepesha kwa umeme, ili walinde vipande vya ndege zenye kutua juu ya maji, sababu chumvi ya bahari ilikuwa inavila. Leo viwanda vingi vinatumia asidi ya salfuriki, ile ile ya betri za gari.

Kazi inaenda hivi. Vipande vinatundikwa, vinaoshwa mafuta, vinaingizwa mu soda kali, ile yenye watengenezaji wa sabuni wanaijua, ili mikwaruzo midogo iishe. Vinasuuzwa. Halafu vinachovywa mu tangi la maji na asidi, joto la karibu 20 °C. Kipande cha alu kinafungwa upande wa + wa umeme, kwa volti 12 mpaka 20 hivi. Oksijeni yenye kutoka mu maji inaungana na alu, ngozi inanenepa. Wakati huohuo asidi inaila kidogo kidogo na kuiachia vitundu vidogo sana, vimepangana kama sega la nyuki. Kwa madirisha ya nje, ngozi inaweza kufika maikroni 20 au 25, maana yake, zikizidi sana, sehemu 25 kati ya sehemu elfu moja za milimita moja. Unywele wa mutu ni mnene kuishinda mara tatu hivi.

Sasa lile sega njo linajazwa rangi. Vikombe, vipande vya baiskeli na vitu vingine vidogo vinachovywa mu maji moto ya rangi kwa dakika chache, kama mama anavyochovya kitambaa. Hapo unapata nyekundu, buluu, kijani, lakini zingine jua linazifubaza. Kwa madirisha, viwanda vinapenda njia nyingine: vinapitisha umeme tena mu maji yenye chumvi za madini, mara nyingi bati, na madini yanashuka mpaka chini ya vitundu. Muda mfupi unatoa rangi hafifu ya shampanye, muda mrefu unatoa bronzi, kuzidi hapo ni nyeusi. Mwishoni vipande vinakaa mu maji ya karibu kuchemka, hata saa nzima, ili vitundu vivimbe na kujifunga na rangi ndani yake.

Nyeupe kama ya maziwa haipatikani kwa njia hii. Dirisha jeupe limepakwa rangi ya unga na kuchomwa mu tanuru. Si baya, ila muuzaji asikuambie ni kitu kimoja.

Turudi ku madoa yangu. Kiwanda kikikosea rangi, hawasugui. Wanarudisha kipande mu soda kali, ngozi yote inayeyuka, wanaanza upya. Na simenti mbichi ni kali kwa namna ile ile ya soda, njo maana inachoma mikono ya mafundi. Basi tone la simenti linafanya ku dirisha lako kile kiwanda kinafanya kwa kusudi. Lile doa si uchafu, ni ngozi iliyoliwa, na ile ngozi haikuzwi tena pale ukutani. Chokaa ni vilevile. Majivu pia: kusugulia sufuria ni sawa, lakini dirisha hapana. Lioshe na maji, sabuni laini na kitambaa.

Kwa wenye kujenga: acheni ile nailoni ya kiwandani ku dirisha mpaka simenti ya ukuta iishe. Kama haiko, funikeni na plastiki. Ikiruka, mwaga maji mengi palepale ingali mbichi, usingoje kesho.

Vijana wa garaje wamekwisha kuniuliza kama wanaweza kujaribu wenyewe na asidi ya betri. Umeme utafanya kazi, ndiyo. Lakini asidi inapofusha macho, na upande wa − unatoa gesi ya hidrojeni yenye kulipuka kwa cheche moja. Na ile asidi ukimaliza utaimwaga wapi? Mifereji yetu ya Bukavu inashuka ziwani.

Dirisha langu lingali na madoa saba, nimeyahesabu. La chumba kilichofuata tulilipachika ukuta ukiisha kukauka.