Afya ya Kompyuta ya Nyumbani

Mama mwenzangu, hebu jaribu kuhesabu vitu vilivyomo ndani ya kompyuta ya nyumbani kwako. Humo mna picha za harusi na za ubatizo wa watoto. Mna barua za baba za maombi ya kazi, mna mazoezi ya kijana wa kidato cha nne, na huenda mna hata hesabu za michango ya kikundi chenu cha akina mama. Kompyuta yenyewe ikiungua inauma, lakini kwa kujinyima kidogo kidogo tutanunua nyingine. Picha ya mwisho ya marehemu mama yako haiuzwi dukani.

Mimi si fundi wa kompyuta, ni muuguzi. Kazi yangu imenionyesha kwamba magonjwa mengi yanayowaleta watu hospitalini yangezuiliwa nyumbani kwa usafi, chanjo na kuwahi dalili. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Mambo mengi ya kuilinda yanafanywa na mwenye nyumba, wala hayahitaji diploma.

Virusi ni nini?

Neno hili limeazimwa kwetu watu wa afya. Kirusi cha kompyuta si mdudu, bali ni programu iliyotungwa na mtu kwa makusudi, yenye uwezo wa kujinakili na kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mwaka 1986 kirusi kiitwacho Brain, kilichotokea Lahore, Pakistan, kilisafiri kwa diski ndogo ambazo watu walipeana mkononi. Leo flashi inafanya kazi ile ile. Mtoto anaipeleka flashi kuchapisha kazi ya shule, anarudi nayo na mgeni ndani yake.

Mwezi Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilitokea Ufilipino na kuenea duniani kwa baruapepe iliyojifanya barua ya mapenzi. Aliyefungua kiambatisho chake aliharibiwa mafaili yake ya picha. Kisha kirusi kikajituma chenyewe kwa watu wote waliokuwa katika orodha yake ya anwani. Walioipokea waliifungua bila wasiwasi kwa sababu ilitoka kwa mtu wanayemjua. Hapa tuna somo: kumjua aliyetuma hakutoshi. Ukiletewa kiambatisho au kiungo ambacho hukukitarajia, hata kama kimetoka kwa shemeji yako, mpigie simu kwanza umwulize.

Usiache chanjo

Watengenezaji wa programu hugundua matundu katika kazi yao, nao hutoa masasisho ya kuyaziba. Hiyo ndiyo chanjo ya kompyuta. Wengi wetu tukiona ujumbe wa kusasisha tunabonyeza "baadaye", na hiyo baadaye haifiki.

Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Miezi miwili baadaye, Ijumaa tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu lile lile na kuingia katika kompyuta za nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Huko Uingereza taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa ziliathirika. Wagonjwa waliambiwa warudi nyumbani, na baadhi ya upasuaji ukaahirishwa. Kompyuta zilizoambukizwa humo zilikuwa hazijapata sasisho lile, au zilikuwa na Windows ya zamani mno. Dawa ilikuwapo, ila haikutumika.

Najua bando ni ghali. Panga basi siku moja ya wiki ambapo mna kifurushi cha kutosha, uiache kompyuta ijisasishe. Jua pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama bado mnaitumia, mwulizeni fundi kama kompyuta yenu inaweza kubeba Windows 11, au kama mnaweza kujiandikisha katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama. Programu ya kukinga virusi tayari imo ndani ya Windows 10 na 11, bila malipo. Hakikisheni tu kwamba haijazimwa.

Akiba haiozi

Kinga ikishindwa, kinachookoa ni nakala. Kila kitu usichotaka kukipoteza kiwe mahali patatu: ndani ya kompyuta, katika diski ya nje au flashi nzuri, na pengine mbali na nyumba, kwa mfano katika hifadhi ya intaneti au flashi nyingine iliyo kwa bibi. Mwizi akiingia au moto ukitokea, nakala iliyokaa kando ya kompyuta huondoka pamoja nayo.

Ukimaliza kunakili, ichomoe diski na kuifungia kabatini. Virusi vya aina ya WannaCry hufunga hata mafaili ya diski iliyoachwa imechomekwa. Na mara moja moja ifungue uone kama picha zinaonekana. Nakala isiyofunguka ni sawa na kutokuwa nayo.

Mlango na ufunguo

Neno la siri lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, maana majirani wote wanavijua. Chukua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe. Ni rahisi kuyakumbuka na ni magumu kuyabahatisha. Neno la siri la baruapepe lisitumike mahali pengine popote, kwa sababu mwenye kuifungua baruapepe yako anaweza kubadilisha maneno yako mengine yote. Ukiona yatakushinda kuyakumbuka, yaandike katika daftari na ulifungie ndani. Hilo ni salama kuliko kutumia neno moja kila mahali.

Waonye watoto juu ya ujanja huu: ghafla skrini inajaa maandishi mekundu na kelele, ikisema kompyuta imeambukizwa na kwamba upige namba fulani. Huyo ni mwizi. Maonyo ya kweli ya Microsoft hayana namba ya simu. Funga ukurasa, au izime kompyuta kabisa. Mtu yeyote asipewe namba ya uthibitisho iliyokuja kwa simu yako, hata akijiita ofisa wa benki.

Huduma ya kwanza

Kompyuta ikigoma, usianze kubonyeza kila kitu. Fanya kama tunavyompokea mgonjwa.

1. Pata historia. Tatizo lilianza lini? Nini kiliongezwa au kubadilishwa kabla yake? Piga picha kwa simu maneno yaliyo kwenye skrini.

2. Angalia umeme. Je, soketi imewashwa? Chaja imeingia vizuri? Jaribu soketi nyingine. Umeme ukikatika, chomoa waya kabisa, kwa maana ukirudi kwa nguvu unaweza kuunguza.

3. Izime na kuiwasha upya. Programu nyingi zilizokwama hupona kwa hilo tu. Ikiwa imeganda kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde kama 10. Kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea, kwa hiyo iwe hatua ya mwisho.

4. Pima joto. Kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya godoro huzibwa matundu ya hewa, ikachemka na kujizima. Iweke mezani, na usiiwashe ikiwa imefunikwa kitambaa.

5. Ikiwa nzito, tazama kama diski imejaa. Hamisha filamu, na ondoa programu zisizotumika.

6. Folda za flashi zikigeuka zote kuwa njia za mkato, usizibonyeze, wala usikubali flashi ifutwe haraka. Mara nyingi ni kirusi kilichoyaficha mafaili, nayo bado yamo. Fundi anaweza kuyarudisha.

Dalili mbili ni za hatari. Ya kwanza ni diski inayogonga tik-tik: zima, usiiwashe tena na tena, mpelekee fundi. Ya pili ni mafaili kukataa kufunguka huku ujumbe ukidai fedha: kata intaneti, chomoa flashi na diski, utafute msaada. Kulipa hakukuhakikishii kurudishiwa chochote.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Kama kompyuta bado inawaka, nakili vitu vyako kwanza, kisha toka katika baruapepe na mitandao yote. Picha za familia na barua zako za siri si lazima zilale dukani kwa mtu. Mwambie fundi kwa maneno wazi kwamba asifute chochote kabla ya kukuuliza, kwa kuwa wengine dawa yao ya kila ugonjwa ni kufuta na kuanza upya.

Mama, haya yote hayafanyiki kwa siku moja. Anza na moja. Jumamosi hii, baada ya kufua, mwite mtoto mkubwa mkae pamoja, mnakili picha za familia kwenye flashi. Andika tarehe juu yake kwa kalamu, uifungie kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Jumamosi inayofuata mtashughulikia masasisho.