Mkwaju wa Katabi: Mti Uliobeba Jina la Mkoa

Si kila nembo huchorwa na serikali. Nyingine hukuzwa na masimulizi. Wabende husimulia kwamba mzimu wa Katabi hukaa katika mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi, na waombao baraka huweka sadaka shinani. Jina hilo ndilo la ziwa, la Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1974, na la mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Hivyo mkazi wa Kakese, kata ya Manispaa ya Mpanda, autajapo mkoa wake humtaja mwenyeji wa mti huo, ajue asijue.

Tuzingatie pia lugha. Waarabu waliuita ukwaju "tende ya Kihindi". Mwaka 1753 Linnaeus akauandika mti wenyewe *Tamarindus indica*, ilhali asili yake ni Afrika. Kiswahili hakikufuata njia hiyo: kina mkwaju, kina ukwaju, na Unguja kuna mahali paitwapo Mkwajuni.

Basi kuutunza mkwaju ni kutunza maana. Mti ukikatwa na masimulizi yakisahaulika, Katavi litabaki neno la ramani tu.