Si kila anayepaza sauti 'anapiga kelele'

JUMA lililopita nilikuwa katika steji ya Githurai, wadi ya Kiuu, eneobunge la Ruiru. Utingo alikuwa akiita abiria: "Tao! Tao!" Kando yake, muuzaji wa nyanya alitaja bei kwa sauti ya kusikika mbali. Mama mmoja alimwita mwanawe aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Abiria naye alimgeukia kondakta kuhusu chenji: "Wee, mbona unanipigia kelele?" Mwenzangu alihitimisha kwa kusema kwamba watu wa Githurai 'wanapiga kelele' mno.

Kauli hiyo inatokana na mazoea ya kukitafsiri kitenzi cha Kiingereza 'shout' kwa namna moja tu: piga kelele. Kitenzi hicho kinaeleza ukubwa wa sauti. Kiswahili nacho huuliza zaidi: Sauti hiyo imepazwa kwa nini?

Nomino 'kelele' hurejelea sauti kubwa au zilizochanganyika ambazo aghalabu humsumbua asikiaye. Ndiyo maana tunasema kwamba kanuni za mwaka wa 2009 za NEMA hudhibiti 'kelele', wala si sauti. Hivyo basi, kusema kwamba mtu anapiga kelele ni kutoa hukumu: sauti yake ni kero.

Je, muuzaji wa nyanya alikuwa kero? La. Alikuwa 'akinadi' bidhaa zake. Kunadi ni kutangaza kitu kwa sauti ili watu wakinunue, na ndiko linakotoka neno 'mnada'. Siku hizi wanasiasa pia hunadi sera zao. Mama aliyemwita mwanawe 'alipaza sauti', yaani aliiinua ili imfikie aliye mbali. Kondakta aliyemjibu abiria kwa hasira 'alimfokea'. Kitenzi 'foka' hutumiwa pia kwa kitu kinachotoka kwa nguvu, kama vile maji au mvuke. Badala ya "Usinipigie kelele", abiria angesema, "Usinifokee." Iwapo anayefoka ni mzazi au mwalimu anayemkanya mtoto kwa ukali, basi 'anamkaripia'. Nao wanaopaza sauti kwa furaha arusini 'hupiga vigelegele' au 'hushangilia'.

Kuna matumizi mengine ambayo yana uzito zaidi. Chukulia kwamba mpangaji katika ploti anaamka usiku kwa sababu ya sauti ya jirani aliyevamiwa. Asubuhi anawaambia polisi, "Niliskia tu akipiga kelele." Anayeandika taarifa hiyo anaweza kudhani kwamba palikuwa na ugomvi, ulevi au redio iliyofunguliwa sana. Lau shahidi angesema kwamba jirani 'alipiga nduru' au 'alipiga mayowe', ujumbe ungekuwa bayana: mtu huyo alikuwa akiomba msaada. Nduru na mayowe ni sauti za mtu aliyepatwa na hatari, na anayezisikia anatarajiwa kutoka mbio kwenda kusaidia. Anayesikia kelele hufunga dirisha na kurudi kulala.

Huenda msomaji akauliza: Je, 'piga kelele' halikutumiwa tangu hapo kwa maana ya kuomba msaada? Naam, lilitumiwa. Neno 'ukelele', ambalo wingi wake ni 'kelele', lina maana ya sauti kali ya juu, na 'kupiga ukelele' kunakaribiana na kupiga yowe. Hata hivyo, katika mazungumzo ya leo maana ya usumbufu ndiyo iliyotawala. Aliye hatarini hafai kuelezwa kwa neno ambalo wengi wetu hulihusisha na kero.

Kwa hivyo, unapotaka kutafsiri 'shout', tazama kwanza nia ya msemaji. Anayeuza hunadi, anayeita hupaza sauti, mwenye hasira hufoka, mwenye furaha hupiga vigelegele, na aliye hatarini hupiga nduru. Tuwaachie 'kupiga kelele' wanaotusumbua.