Mtoto wa badali: aliyechukuliwa au aliyeachwa?

Katika riwaya ya vijana The Iron King ya Julie Kagawa, iliyotoka mwaka 2010, Meghan Chase, msichana wa Louisiana, anagundua kwamba mdogo wake Ethan, mwenye umri wa miaka 4, hayupo nyumbani, ingawa mtoto mwenye sura yake yupo. Ethan wa kweli ametekwa na kupelekwa katika nchi ya kichawi. Aliyebaki ni kiumbe wa huko aliyevaa sura yake. Kiingereza humwita kiumbe huyo changeling. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa dhana hii, na mfasiri akiandika “mtoto aliyebadilishwa”, msomaji ana haki ya kuuliza: kati ya hao wawili, ni yupi?

Utata huo umo hata katika Kiingereza. Oberon na Puck, wahusika wa riwaya ya Kagawa, wametoka katika tamthilia ya Shakespeare A Midsummer Night’s Dream, na humo Puck analitumia neno lilelile kwa mtoto aliyeibwa kwa mfalme wa India, yaani aliyechukuliwa. Katika ngano za Ireland na Uskoti, na katika riwaya nyingi za leo, neno hilo humhusu zaidi aliyeachwa.

Kiswahili kinaweza kuwatenganisha wahusika kwa mnyambuliko. Aliyebadilishiwa si mtoto, bali ni mzazi: “Mama Ethan amebadilishiwa mwana.” Aliyetwaliwa ni Ethan. Aliyewekwa badala yake anafaa kuitwa mtoto wa badali, kwa kuwa badali ni kile kinachoshika nafasi ya kingine. Visawe vingine vina kasoro. “Mtoto wa bandia” ni mwanasesere. “Mtoto mbadala” kinanuka lugha ya sera, kama nishati mbadala. Kibadala ni istilahi ya isimu, tena kiambishi chake ki- kinamweka mtoto huyo karibu na kilema, kiwete na kiziwi.

Ujirani huo si jambo dogo. Imani ya watoto wa badali ilitumika kueleza kwa nini mtoto hakui, hasemi au hatembei, na watoto waliodhaniwa hivyo waliteswa ili viumbe wale wamrudishe wa kweli. Hata watu wazima hawakusalimika. Mwaka 1895, katika jimbo la Tipperary huko Ireland, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe, Michael, aliyeshikilia kwamba mwanamke yule hakuwa mkewe. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Ndiyo maana “mtoto wa jini” ni kisawe cha kuepukwa: kwa wasomaji wengi wa Kiswahili majini si viumbe wa ngano tu, na jina hilo likitoka kitabuni linaweza kumwangukia mtoto wa jirani mwenye ulemavu.

Msukule ni neno linalovutia zaidi, na kwa kweli linakaribia sana. Katika simulizi za Tanzania, mtu huchukuliwa kwa uchawi akatumikishwa, huku ndugu zake wakizika kitu wanachodhani ni maiti yake, kumbe ni mgomba. Ngano za Ulaya nazo zina kipande cha gogo kinachoachwa kikiwa na sura ya aliyetekwa. Lakini msukule ni yule aliyekwenda. Kilichobaki ni mgomba. Mfasiri akimwita msukule yule kiumbe aliyebaki nyumbani kwa akina Meghan, atakuwa ameipindua hadithi: msomaji atamhurumia mdanganyifu na kumsahau Ethan.

Cheo cha Meghan nacho kina mtego wake. Siri ya riwaya ni kwamba yeye ni binti wa Oberon, mfalme wa Baraza la Kiangazi. Kwa Kiingereza msichana yeyote anaweza kuitwa kwa cheo hicho kwa utani au mahaba, bila kudokeza nasaba yake. Kiswahili humtaja baba palepale: binti mfalme. Kabla siri haijafichuka, mwenzake anayemtania amwite “malkia”, kama vijana wasemavyo. “Binti mfalme” ingoje mpaka Oberon mwenyewe amtambue.